Jini ya Asali: Mwongozo kwa Asiyejua Anakoingia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja: yule aliyealikwa Ijumaa jioni mahali fulani Karen au Kilimani, akaambiwa kutakuwa na kuonja jini ya asali na mitishamba ya kwetu, naye akaitikia kwa sababu aliyemwalika ni shemeji yake. Kwake yeye jini ni kile kinywaji cha mjomba, kilichomiminiwa soda ya ndimu ili kipite kooni. Akiingia na fikra hiyo ataumbuka. Jini ya siku hizi hainywewi kabla ya kusimuliwa.

Chupa

Utapewa chupa uishike. Ishike kwa mikono miwili, maana ni nzito; kitako chake ni kioo kitupu cha unene wa vidole viwili, nayo ndiyo sehemu pekee ya chupa isiyolewesha. Kizibo ni cha mbao. Shingoni pana uzi wa katani na kikaratasi chenye namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino: kundi la 14, chupa ya 212. Tikisa kichwa polepole, ukionyesha kwamba hiyo 212 umeitafuta muda mrefu. Usiulize kama 211 ina ladha nyingine.

Anayekusimulia atakuwa amevaa aproni ya ngozi. Atasema jini yake ni "ya fundi", "ya mkono", "ya kundi dogo". Yasikilize maneno hayo kwa adabu, lakini usiyapime, kwa kuwa hayana mizani. Hata Ulaya kwenyewe, ambako sheria ya jini huhesabu sukari hadi sehemu ya kumi ya gramu, hakuna kifungu kinachosema fundi anaacha kuwa fundi akishapika lita ngapi. Mtindo huu wa mitambo midogo ulishika kasi London mwaka 2009, Sipsmith walipopata leseni baada ya kuvutana na watoza ushuru ambao hawakutaka kusikia habari za mtungi mdogo. Mwaka 2016 Sipsmith ikanunuliwa na Beam Suntory, mali ya Suntory ya Japani, mojawapo ya kampuni kubwa za pombe kali duniani. Fundi naye ana bei yake.

Muulize kuhusu muwa

Mwenye aproni atakusimulia msitu: ukungu, tumbili, vijito. Mwache amalize kijito cha pili, kisha muulize spiriti yake ameinunua wapi.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Jini huanza na spiriti safi isiyo na ladha, yenye nguvu ya asilimia 96, na wapishi wengi wa jini, wa Nairobi na wa London, hawaipiki wenyewe. Huinunua kwa mapipa. Kwetu Kenya spiriti hiyo hutokana na molasi, yale mabaki meusi ya kiwanda cha sukari. Muhoroni kuna kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1978, Agro-Chemical and Food Company, ambacho kazi yake ni kugeuza molasi kuwa alkoholi. Fundi huipunguza makali kwa maji, huloweka viungo vyake humo, halafu huipika upya katika mtungi wa shaba ambao, kwa desturi ya watu hawa duniani kote, huwa umepewa jina la kike. Mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka. Matone ya mwanzo yanatupwa, ya katikati yanachukuliwa, ya mwisho yanarudishwa au yanamwagwa.

Hakuna aibu yoyote katika hayo. Spiriti ya molasi iliyotengenezwa vizuri haina kosa. Kinachochekesha ni mtu kuzungumza dakika 20 kuhusu Aberdare na asilitaje shamba la miwa hata mara moja.

Asali imekwenda wapi?

Sasa tunafika penye utamu, au tuseme pale utamu ulipotarajiwa. Lebo inasema asali. Unaonja: ukali, uchungu kidogo, harufu ya msitu, lakini utamu hakuna. Unaanza kujishuku. Usijishuku. Sukari haipandi na mvuke. Ukimimina debe zima la asali katika mtungi wa shaba ukaupika, utamu wote utabaki chini, umeungua na kugandamana, na kijana wa kusugua mtungi ndiye atakayejua asali ile ilikuwa nzuri kiasi gani. Kinachopanda ni harufu tu: maua kidogo, nta kidogo, pengine na moshi wa mrina asali kama alitumia mwenge.

Kwa hiyo anayetaka uisikie asali ulimini hana budi kuitia baada ya kukeneka, pombe ikiwa imeshapoa. Wako wanaofanya hivyo waziwazi. Kule Vermont, Marekani, jini ya Barr Hill ni juniperi na asali mbichi tu, na asali huingia mwishoni kabisa, kabla ya chupa kufungwa. Matokeo yake ni jini ya rangi ya majani makavu, nzito kidogo mdomoni, na hakuna anayehitaji kuambiwa kilichomo.

Iko njia ya tatu, ya wenye moyo na mtaji: kuichachusha asali yenyewe iwe pombe, kisha kuikeneka pombe hiyo, bila kumgusa mtu wa Muhoroni. Piga hesabu kabla ya kumwamini anayedai ameifuata. Kilo moja ya asali ina takriban gramu 800 za sukari, na kemia, ikiwa katika hali yake njema kabisa, itakupa kama nusu lita ya alkoholi tupu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 43 inabeba zaidi kidogo ya mililita 320 za alkoholi. Ina maana asali iliyomo ni zaidi ya nusu kilo kwa kila chupa, kabla hujamwaga tone la mwanzo wala la mwisho. Kama bei ya chupa haikukuuma meno, asali hiyo haimo.

Kuna na mtego mdogo wa lebo ambao nauonea raha. Ukiona maneno "London Dry" na "asali" yamekaa pamoja kwenye karatasi moja, onja. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya, jini ya aina ya London hairuhusiwi kutiwa utamu unaozidi gramu 0.1 kwa lita. Ikiwa ni tamu, neno la kwanza limedanganya. Ikiwa si tamu, neno la pili limepambwa. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini aliyeazima jina London na aazime na masharti yake.

Kisha kuna swali la asali ya nani. Lebo itakuwa na picha ya mzee mwenye ngozi ya mbega begani na mzinga wa gogo juu ya mti. Mwenye aproni atasema "asali ya msituni" na kuacha hapo. Mbane kidogo. Ya wapi, na ya maua gani? Asali ya migunga ya Baringo na Pokot si asali ya Kitui, na asali ya Kitui si ya Mau. Watu wa Mau, Waogiek, walitundika mizinga yao ya magogo msituni kizazi baada ya kizazi, na walifukuzwa humohumo msituni mara nyingi kiasi kwamba ilibidi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iamue tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao. Mzee wa kwenye lebo anaweza kuwa mtu asiyeruhusiwa kuufikia mzinga wake mwenyewe. Hilo hutalisikia katika kuonja, na ukilileta wewe barafu itayeyuka kabla hujajibiwa.

Penye ukweli

Nisije nikakufanya ukatae kila unachoambiwa. Kuna jambo moja ambalo hawa watu wakilifanya sawasawa nami huvua kofia, nalo ni mutarakwa.

Jini bila juniperi si jini. Ni spiriti yenye manukato. Karibu jini yote ya dunia hutumia *Juniperus communis*, kijiti cha Ulaya ambacho mara nyingi hakimzidi mtu kimo, na vijitunda vyake hukaushwa na kusafirishwa kutoka Italia, Bosnia, Masedonia. Sisi tunaye ndugu yake, *Juniperus procera*, mutarakwa wa Aberdare, Mau na Kijabe, ambaye hufika mita 30 na zaidi. Katika juniperi zote za dunia huyu peke yake ndiye aliyevuka ikweta kwenda kusini bila kubebwa na mtu. Miaka nenda rudi tulimfanya nguzo za ua, kwa kuwa mchwa hamwezi, na Wazungu wakamchonga penseli. Vijitunda vyake viliachiwa ndege.

Ukipita chini ya mti wa kike mwezi ulio mzuri, chuma kimoja. (Miti ya kiume haizai, usihangaike nayo.) Ni kidogo kuliko punje ya mbaazi, cha samawati iliyofifia, kimepakwa unga mwepesi unaotoka ukikigusa. Kwa kweli si tunda, ni koni ambayo magamba yake yamenona na kushikana. Kisage kati ya kidole gumba na cha shahada. Kinapasuka kwa upinzani kidogo, utomvu unanata, na harufu inakuja kwa zamu: ndimu, kisha penseli iliyochongwa sasa hivi, halafu kitu kikavu cha kijani ambacho hakitoki vidoleni hadi jioni. Kikavu cha Masedonia hakina ile ndimu ya mwanzo. Procera, wapishi wa Nairobi, waliona hilo, wakaanza kutumia koni mbichi za mutarakwa na wakaubeba mti wenyewe kuwa jina lao. Hiyo ni kazi yenye maana, na naisema bila kejeli.

Basi hili ndilo swali lako la pili baada ya lile la muwa, na uliulize kwa upole: "Juniperi yenu mnaitoa wapi?" Akitaja Kijabe, vuta kiti. Akitaja Masedonia baada ya kukuapia kwamba kila kitu humo ni cha kwetu, usimwaibishe mbele ya watu. Mwambie tu kwamba Masedonia nako ni kwao mtu.

Orodha ya viungo

Vingine tuvipitie haraka. Lebo itaorodhesha vitu 11 au 14, na ulimi wako utatambua vitatu. Hiyo si kasoro yako. Kiungo cha pili katika karibu kila jini duniani ni mbegu za giligilani, zilezile za pilau, lakini hutaziona zimeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu pilau haina ukungu wala tumbili. Vitakavyoandikwa kwa herufi kubwa ni leleshwa na mukombero. Leleshwa, kile kichaka cha kijivu cha Bonde la Ufa, kina harufu ya kafuri, na Wamaasai wameyabana majani yake kwapani tangu kale. Kidogo chake katika jini kinapendeza, kikizidi unakunywa dawa ya kifua. Mukombero ni mzizi wa magharibi, wa upande wa Kakamega, unaotafunwa mkavu na kuuzwa na wachuuzi vituoni kwa sifa ambazo mama yako akiwapo muuzaji hupunguza sauti. Una harufu nzuri inayokaribia vanila. Jirani yako akikukonyeza baada ya kusoma lebo, jifanye hujaona.

Iliki, mdalasini na mchaichai usizihangaikie. Unazijua kutoka kwenye chai.

Bilauri, barafu na kwinini

Mhudumu ataleta bilauri inayoweza kuoshea mtoto uso. Humo ataweka barafu, kipande cha chungwa kilichokaushwa hadi kikawa kigumu, na kijiti cha rozmeri alichokiunguza kwa kiberiti mbele yako. Chungwa haliliwi. Kijiti nacho hakiliwi. Viwili hivi ni vya kutazamwa, na vitakugonga puani kila unapoinamisha kichwa kunywa.

"Bosi, tukuletee toniki gani?" atauliza. Kabla ya kujibu, jua kwamba toniki ina mstari wake kwenye bili, na ikiwa imetoka ng'ambo mstari huo ni mrefu. Jua pia kwamba toniki ya sukari nyingi inafuta kila kitu ulichokwisha kusimuliwa: mutarakwa, leleshwa, Waogiek na wote. Mwenye busara huomba jini kidogo peke yake kwanza, bila barafu, na matone machache ya maji ya kawaida. Itawashtua watu wa meza yako, lakini ndiyo njia pekee ya kujua unalipia nini.

Kuna na mjuzi mmoja ambaye hakosekani, atakayekuambia kwamba toniki inakinga malaria kwa sababu ina kwinini. Historia yake ni kweli, hesabu yake si kweli. Marekani hairuhusu toniki izidi miligramu 83 za kwinini kwa lita. Mtu mzima wa kilo 60 aliyetibiwa malaria kwa kwinini alipewa miligramu 600 kila baada ya saa nane, yaani 1,800 kwa siku. Ili kuzipata kwa toniki atahitaji kunywa zaidi ya lita 21 kila siku. Mbu atakuwa ndiye anayekuonea huruma.

Neno kuhusu mama pima

Hapa mzaha unapungua kidogo. Ukiambiwa kwamba jini hii ni "pombe ya kienyeji iliyopandishwa hadhi", kumbuka kwamba walioijua kazi hii kabla ya aproni za ngozi ni akina mama pima. Wakipika chang'aa, walikuwa na pipa, sufuria, maji baridi na moto, na sayansi ni ileile: mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa mwaka 1980 na haikuondolewa hadi ile ya kudhibiti vileo ya 2010. Miaka 30 hiyo polisi walikuwa na uhakika wa pahala pa kupita mwisho wa mwezi. Waganda walilitatua mapema na kwa ujanja: chini ya Sheria ya Enguli ya 1965, enguli ya vijijini, chang'aa yao, ilinunuliwa, ikakenekwa upya kiwandani na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi, na nchi nzima ikajivunia.

Wala simtakasi kila mama pima. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya magendo, na wengine wakapofuka. Kilichowaua kilikuwa methanoli. Vifo vya wengi namna hii kwa kawaida huletwa na methanoli ya viwandani ambayo mtu huinunua na kuichanganya kwa makusudi ili pombe iwe kali kwa bei ya chini, wala si na mtungi wa kienyeji wenyewe. Ndiyo maana ushauri huu ushike hata kama mengine yote umeyacheka: tazama stempu ya ushuru kwenye kizibo, na uikague kwa simu kupitia programu ya KRA inayoitwa Soma Label. Chupa nzuri, uzi wa katani na namba ya kundi vinaigwa kirahisi. Na sheria ya 2010 hairuhusu pombe kali kuuzwa katika chombo chini ya mililita 250, kwa hiyo yule rafiki wa rafiki mwenye vichupa vidogo vya "jini ya majaribio" ndani ya buti la gari, mshukuru kwa mbali.

Ukipelekwa kwa wakwe

Hatari kubwa ya jioni moja ya namna hii ni kwamba utatoka umejua mambo, kisha wiki mbili baadaye uende ruracio, sherehe ya mahari, Nyeri au Murang'a. Huko utakutana na asali iliyotiwa mitishamba ya kwetu katika hali yake ya zamani. Matunda ya mwegea hukatwa, huchemshwa na kuanikwa, kisha hutiwa katika asali na maji karibu na joto la moto, na chachu iliyojificha ndani ya nyuzi za tunda hufanya kazi yake. Pombe ikishaiva matunda huanikwa tena yakangoja sherehe nyingine. Hiyo ni muratina. Asali yake haikupotelea kwenye mtungi wowote. Imo yote, nusu imekuwa pombe na nusu ingali tamu.

Wazee watatangulia. Matone yatamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia zaidi. Halafu pembe itakufikia wewe, mkwe mpya, mwenye msamiati mpya. Usiulize ni kundi la ngapi. Usiombe barafu, na kijiti cha rozmeri usikitaje kabisa. Usiseme kwamba unasikia giligilani. Na usimweleze mzee yeyote kwamba Vermont wanaitia asali mwishoni. Ukiulizwa, "Unaionaje, kijana wetu?" jibu, "Ni nzuri sana, mzee," rudisha pembe kwa mikono miwili ili ijazwe tena, na uwe umekwisha kumpa mtu mwingine funguo za gari.